Nyumba ya zamani inataka kuvunjwa Tanga: tukimbilie sheria au tukae na mwenye nyumba kwanza?

Tanga sa hivi kila kona ni habari za viwanja. Bandari imepanuliwa, bomba la mafuta linalotoka Hoima kule Uganda linakuja kuishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, wageni wanaingia na kila mmoja anataka ofisi, hoteli, apatimenti, na kiwanja chenye bei ni kile cha katikati ya mji. Sasa kiwanja cha katikati ya mji hakiko wazi, kina nyumba juu yake, na mara nyingi ndo zile za zamani, ghorofa moja, roshani ya mbao, baraza mpaka barabarani, zimejengwa enzi za Mjerumani au baadae na wafanyabiashara wa Kihindi pesa za mkonge zilipokuwa zinatembea. Anayekuja kununua anapiga hesabu ya mita za mraba tu, nyumba kwake ni gharama ya kuvunja na kuzoa kifusi.

Mimi niko upande wa kuzitetea, naliweka wazi toka mwanzo. Ukitembea mjini saa saba mchana jua limesimama, ukipita chini ya hizo baraza unakwenda kivulini, ukifika penye ghorofa jipya la vioo unarudi juani, baraza hakuna, wamejenga mpaka ukingo wa kiwanja. Huo ndo mji tunaopoteza. Naandika kwa wale tulio upande mmoja lakini tunabishana kila siku tuanzie wapi, manake kuna wanaosema twende moja kwa moja Idara ya Mambo ya Kale ya Serikali na mahakamani, na kuna wanaosema kaeni na mwenye nyumba kwanza. Nimezipanga hizo njia mbili sambamba tuone kila moja inatoa nini na inakula nini, halafu nitasema mimi ningechagua ipi kwa nyumba ipi, kwa sababu kwa maoni yangu swali la kwanza kabisa ni nyumba ni ya nani.

Njia ya sheria

Sheria yenyewe kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Watu wengi wanadhani jengo likiwa la Mjerumani basi lina ulinzi tayari, hapana. Sheria imepiga mstari kwenye mwaka 1863, kilichojengwa kabla ya hapo kinahesabika cha kale moja kwa moja bila kutangazwa. Kwa hiyo magofu ya Tongoni, ule msikiti na makaburi yake ya nguzo kule kusini mwa mji, yamo. Lakini mji wetu huu tunaoutembea umeota baada ya hapo, Mjerumani kaanza kujenga reli ya Usambara kutokea hapa 1893, kwa hiyo boma, stesheni, mnara wa saa, Cliff Block pale hospitali ya Bombo, majumba ya Market Street na Barabara ya Uhuru, yote yamezaliwa upande wa pili wa huo mstari. Hayo mpaka Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale ayatangaze kwenye Gazeti la Serikali. Bila tangazo, mbele ya sheria hiyo ni nyumba kama nyumba nyingine tu, kwa hiyo kabla hujasema "hili linalindwa" hakikisha kwanza tangazo lipo, usije ukasimama mbele ya watu na hoja ambayo mwekezaji anaizima kwa swali moja.

Kuna kitu kimoja kwenye sheria hiyo wengi hawakijui na kina nguvu, nacho ni milango. Mlango wa mbao au miimo yake iliyochongwa hapa Afrika kwa mtindo wa mashariki kabla ya 1940 una ulinzi wake wenyewe, hautolewi nje ya nchi bila leseni. Yani hata nyumba isipotangazwa, mlango wake hauna ruhusa ya kupakiwa kwenye kontena kimya kimya. Nimeshaona saiti ambayo mlango wa nakshi umeegeshwa juu ya kifusi, mwimo mmoja umekatwa kwa msumeno katikati ya ua lililochongwa ili utoke haraka, na watu wawili wamesimama pembeni wanapatana bei. Pale hakuna aliyejua kwamba kuna cha kuuliza.

Faida kubwa ya tangazo ni kwamba linamfunga hata atakayenunua kesho kutwa. Warithi watabadilika, mwekezaji atauza kwa mwingine, diwani atamaliza muda wake, tangazo linabaki, na kubomoa au kubadilisha kunataka kibali cha Mambo ya Kale. Njia ya pili haina kitu chenye nguvu kama hicho.

Hasara yake ni muda, na muda ndo unaoua nyumba. Lazima uandae faili: picha za ndani na nje, ramani ya kiwanja, historia ya jengo, nani alijenga, nani anamiliki, halafu liende wizarani lisomwe, lijadiliwe, na mwenye mamlaka ni Waziri, wewe mwananchi kazi yako ni kupendekeza. Na tangazo halina pesa ndani yake. Tangazo halizibi paa. Tusisahau Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la 1883, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia toka 2000, una mamlaka yake ya hifadhi toka 1985 ambayo sisi Tanga hatuna ya namna hiyo, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati linakarabatiwa, watu wawili wakafariki. Ulinzi wote wa kwenye karatasi ulikuwepo.

Mahakamani nako ni hivi. Ukitaka kuishtaki Serikali au halmashauri lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza. Siku 90! Kijiko, ile mashine ya kubomolea, kinamaliza nyumba ya ghorofa moja kati ya Ijumaa jioni na Jumapili. Ndo maana mawakili wanaomba zuio la kushikilia hali wakati notisi inahesabika, wenyewe wanaliita zuio la Mareva, na hapo mahakama inapima mambo matatu ambayo yamekuwa kipimo toka shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969: kuna hoja ya maana ya kusikilizwa, kuna hasara isiyofidiwa kwa pesa, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au lisipotolewa. Kwa jengo la kale hilo la pili ni rahisi kulieleza, ukuta ukishalala umelala. Kibarua kiko kwenye la kwanza, manake hakimu au jaji atakuuliza wewe ni nani kwenye nyumba hii na haki yako ipi imeguswa. Mpenda majengo ana jibu lisilo na uzito. Jirani mwenye ukuta wa pamoja ana jibu zito zaidi. Mrithi ambaye hakusaini mauzo ndo mwenye jibu zito kuliko wote, na hapo ndo utaona hizi njia mbili zinakutana, nitarudi hapo.

Kabla ya mahakama lakini kuna mlango wa Jiji ambao tunaupuuza. Kujenga kunataka kibali, na nyumba ya makazi kugeuka hoteli au maduka kunataka kubadilisha matumizi ya ardhi, ndo maana unaona yale mabango kwenye viwanja na matangazo magazetini yanayowaambia wenye pingamizi walete. Watu tunapita tunaangalia kama tangazo la sabuni! Bango likisimama ndo wakati wa kuandika, barua fupi, namba ya kiwanja na kitalu, sababu zako, na upate nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu barua isiyo na muhuri baadae hakuna anayekumbuka kuiona. Na mradi ukiwa mkubwa wa kuhitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004, uliza lini wananchi wanasikilizwa, nenda, sema, jina lako liandikwe kwenye mahudhurio. Hiyo ni sehemu ya njia ya sheria isiyohitaji wakili, gharama yake ni nauli na karatasi.

Njia ya mwenye nyumba

Huku lazima kwanza umjue. Katikati ya Tanga kuna aina kama tatu za wenye nyumba. Kuna nyumba za umma, za Serikali, Jiji na mashirika, na hapa kumbuka 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, majumba mengi ya Wahindi yakaingia kwa Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo lile jengo unalodhani ni la mtu fulani kwa sababu jina la babu yake bado limechongwa juu ya roshani, unaweza kukuta ni la umma na aliyemo ni mpangaji tu. Kuna nyumba za familia, hizi ndo nyingi ukielekea Ngamiani. Na kuna za wakfu, ambazo aliyezitoa alishaweka masharti, na msimamizi hana ruhusa ya kuuza anavyotaka.

Nyumba ya familia nizungumzie kwa urefu kwa sababu ndo zinazoondoka kimya kimya. Hali ya kawaida ni hii: mzee kafariki, mirathi haijafungwa au imefungwa nusu, warithi wako saba, mmoja yuko Mombasa, wawili Dar, mmoja Muscat, anayeishi pale ni dada mkubwa na wajukuu, paa linavuja, kodi ya ardhi ina malimbikizo, halafu anakuja mtu na hela mkononi au na ubia, atavunja, atajenga ghorofa sita, nyie mtapata fremu mbili chini na apatimenti moja juu. Ukimkuta huyo dada ukaanza kumhubiria urithi wa taifa, atakusikiliza kwa adabu na atakuuliza wewe utaleta mabati lini. Ana haki ya kuuliza. Kumtwisha mama wa watu mzigo wa kutunza uzuri wa mji mzima kwa pesa yake ya vitumbua sio uungwana.

Kwa hiyo njia hii inaanza na paa. Sio nakshi, sio rangi, ni paa na mifereji. Nyumba nyingi za namna hii zinaangushwa na maji yanayoingia juu na yanayopanda chini, na fundi asiyezijua anamalizia kazi. Nenda kaangalie ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta ya saruji baada ya masika moja au mbili, usawa wa magoti. Gonga kwa kidole, utasikia ndani pako wazi. Bandua, plasta inatoka kipande kizima kama sahani, na nyuma yake ukuta unatoka unga mweupe wa chumvi, ukisugua na kidole gumba jiwe linamomonyoka. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa wenyewe, ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani unakula jiwe, ni kumvalisha mtu koti la mvua kwenye jua la Kaskazi. Mwenye nyumba anaona ukuta unaoza kila mwaka, anaamini nyumba imechoka, anauza. Na chokaa inachomwa hapa hapa kwetu Amboni! Mara ngapi familia imeuza nyumba nzima kwa sababu hakuna aliyewaambia wabandue saruji futi tatu za chini, waache ukuta ukauke, wapige chokaa.

Kwenye dari angalia boriti za mikoko, mara nyingi zinaoza pale kichwa kinapoingia ukutani na katikati ni nzima kabisa, kwa hiyo unabadilisha chache, sio dari lote. Zile za Mjerumani utakuta mihimili ya chuma, hapo upepo wa bahari ndo adui, kutu inavimba inapasua zege. Mwite injinia kwa hizo, fundi wa mtaani asiguse.

Ukishawapa familia makadirio ya ukarabati kwa hatua, mwaka huu paa, mwakani ukuta wa chini, wa tatu vyumba vya juu vipangishwe, sasa mazungumzo yanakuwa ya hesabu kwa hesabu na ubia wa ghorofa sita unapata mpinzani. Baraza ya chini inabeba fremu vizuri tu, ndo kazi yake toka zamani, mbele biashara, juu makazi. Na kama kiwanja kina uwani mkubwa, kuna suluhu ya katikati ambayo mimi naikubali kwa moyo wote: nyumba ya mbele ibaki na baraza yake, jengo jipya liende nyuma. Kubakiza uso tu wa mbele na kukwangua ndani kote siipendi, lakini ikiwa mbadala ni kifusi, nitaichukua.

Ubaya wa njia hii ni kwamba haina kufuli. Mmekubaliana leo, kesho mrithi wa Muscat anapata shida, anauza fungu lake, mmerudi mwanzo. Na inakula watu, inataka mtu wa kukaa kwenye vikao vya familia ambavyo vinaanza saa kumi vinaisha usiku na hamjafika popote, inataka anayeheshimika, mzee wa mtaa, shehe au padri, wewe peke yako na simu yako ya picha huwezi.

Ukiziweka pamoja

Kwa haraka, zuio la mahakama ndo la haraka kuliko yote likipatikana, barua ya pingamizi Jiji inafuata, mwenye nyumba ni wiki hadi miezi, tangazo la Gazeti ni la mwisho. Kwa pesa, wakili anakula pesa yako, ukarabati unakula ya mwenye nyumba au ya mpangaji, barua haili kitu. Kwa kudumu tangazo linashinda bila ubishi. Kwa nyumba kubaki imesimama na watu ndani, mwenye nyumba anashinda, tena kwa mbali, na hiki ndo kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote. Angalia Bagamoyo, mji uliotajwa kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO toka 2006 ndani ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, boma la Mjerumani la 1897, kila mtalii anaujua, na ukipita mtaa wa India utakuta nyumba ambazo hakuna kijiko kilichozigusa, wenyewe waliondoka, paa likaingia, mti umeota sebuleni. Na upande wa pili boma la zamani la hapa Tanga leo ni makumbusho ya Urithi Tanga, limepata kazi ya kufanya, na jengo lenye kazi kuna mtu anayeona bati likitoboka.

Na kuna hatari moja ya mpangilio ambayo lazima niiseme. Ukianza na kelele kwenye nyumba ya familia, mabango, picha mtandaoni, barua wizarani kabla hujapiga hodi, mwenye nyumba anasikia kwamba mali yake inataka kufungwa, na ushauri wa kwanza atakaopewa na dalali ni avunje kabla tangazo halijatoka. Kelele ya mapema inaharakisha kijiko.

Kwa hiyo chaguo langu. Jengo la umma, anza na sheria na anza mapema, kabla hata mradi haujasikika, faili wizarani, nakala Jiji, na kelele iwe kubwa tu, maana mwenye nyumba ni wewe na mimi na hakuna anayeonewa. Pale Samora Dar jengo la Salamander lilikuwa la enzi za Mjerumani na kila mtu analijua, leo halipo. Nyumba ya familia, anza na hodi na shikamoo, peleka fundi wa chokaa, na sheria uiweke mfukoni. Mfukoni maana yake umjue mrithi ambaye hataki kuuza, kwa sababu huyo anaweza kuweka pingamizi kwa Msajili wa Hati na mauzo yakasimama, kitu ambacho kikundi kizima cha wapenda majengo hakiwezi. Familia ikishakubali kuitunza, hapo sasa waombeni wenyewe nyumba yao itangazwe, tangazo linaloombwa na mwenye nyumba halina vita. Nyumba ya wakfu, soma hati ya wakfu kabla ya kitu kingine chochote, mara nyingi jibu liko humo, kwamba haiuzwi.

Kama umeamka umekuta mabati ya kuzungushia saiti yameshasimama, usichague tena, fanya yote siku hiyo hiyo. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ombeni pamoja kuonyeshwa kibali cha kuvunja na cha kujenga, hakipo kazi isimame. Mtafute mrithi. Mpigie wakili aandae zuio. Piga picha kila pembe, nakshi za mlango moja moja kwa karibu na kitu cha kupimia pembeni, hata rula ya shule, na kama mlango umeshapakiwa andika namba ya gari na upeleke taarifa polisi na Mambo ya Kale, ukitaja ule mwaka 1940.